Horace King na theluthi moja ya daraja

Mwishoni mwa miaka ya 1850, msafiri aliyetoka Newnan kwenda Carrollton, magharibi mwa jimbo la Georgia nchini Marekani, alipofika kwenye Mto Chattahoochee alikuta daraja la mbao lenye kuta na paa, mfano wa ghala refu lililolazwa juu ya maji. Kabla ya kuingia alilipa ushuru, na waliokaa hapo kuupokea walikuwa Frances King na watoto wake. Theluthi moja ya daraja hilo, lililojulikana kama Moore's Bridge, ilikuwa mali ya mume wake, Horace King, fundi aliyelijenga. Miaka kumi na miwili tu kabla ya hapo, sheria haikumruhusu Horace King kumiliki hata nyundo aliyoishika, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mali.

Maisha yake husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtumwa aliyejitahidi akafanikiwa. Kisa hicho si cha uongo, ila kinaruka pale palipo pagumu kueleweka: mtu anamilikije daraja lililo juu ya mto usio wake, aliyekuwa akimilikiwa anaingiaje katika safu ya wamiliki huku utumwa ungali halali, na akishaingia, umiliki wake una nguvu kiasi gani? Majibu yamo katika sheria, katika mbao na katika hesabu ya fedha, na hakuna moja kati ya hayo linaloeleweka bila mengine.

Tuanze na daraja lenyewe. Katika Marekani ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, serikali za majimbo zilikuwa na mito mingi na fedha kidogo. Wakulima wa pamba walitaka kufikisha marobota yao sokoni, miji midogo ilitaka wateja kutoka ng'ambo, na pantoni za kuvutwa kwa kamba zilisimama kila mto ulipofura. Kwa hiyo bunge la jimbo lilikuwa likitoa hati ya idhini kwa mtu au kikundi cha watu waliotajwa kwa majina: jengeni daraja mahali fulani kwa fedha zenu, kisha mtoze ushuru kwa viwango maalumu. Viwango vilipangwa kwa aina ya mpitaji, yaani mwenda kwa miguu, mpanda farasi, gari la kukokotwa na wanyama, na mifugo kwa kichwa. Mto ulibaki kuwa wa umma. Alichomiliki mwenye daraja kilikuwa ile haki ya kutoza, pamoja na mbao, nguzo na kipande cha ardhi kila upande.

Haki hiyo ilikuwa mali kama mali nyingine. Iliweza kugawanywa katika hisa, kuuzwa, kurithiwa au kuwekwa rehani. Hata hivyo ilikuwa mali yenye maadui wengi. Mafuriko moja yangeweza kuibeba usiku mmoja, moto ungeweza kuiteketeza, na baada ya 1837 ilibainika kwamba hata serikali iliyotoa hati ingeweza kuipunguzia thamani. Mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri kati ya makampuni mawili ya madaraja ya Boston. Wenye daraja la zamani la Mto Charles walidai kwamba jimbo la Massachusetts limewavunjia mkataba kwa kuruhusu daraja jingine lijengwe karibu na lao, daraja ambalo baada ya muda lingevukwa bure. Jaji Mkuu Roger Taney aliwajibu kwamba hati haimpi mtu ukiritimba ambao haukuandikwa ndani yake waziwazi. Msomaji aliweke jina la Taney akilini, maana tutakutana naye tena.

Horace King alizaliwa 1807 katika jimbo la South Carolina, akiwa na damu ya Kiafrika, ya Kizungu na ya Wacatawba, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Alizaliwa mtumwa. Karibu na 1830 alinunuliwa na John Godwin, mkandarasi wa ujenzi, na mwaka 1832 Godwin alipata zabuni iliyobadilisha maisha ya wote wawili. Mji mchanga wa Columbus, ulioanzishwa 1828 upande wa Georgia, ulitaka daraja juu ya Mto Chattahoochee la kuuunganisha na upande wa Alabama. Godwin alihamia Girard, ng'ambo ya Alabama, mahali panapoitwa leo Phenix City, akaja na King. Daraja walilojenga lilikuwa na urefu wa takriban mita 270, na lilikuwa daraja la kwanza la umma kuunganisha majimbo hayo mawili.

Hapa inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyompa King thamani ambayo baadaye aliigeuza kuwa hisa. Godwin na King walitumia mfumo uliosajiliwa 1820 na Ithiel Town, msanifu majengo wa Connecticut. Kabla ya Town, daraja refu la mbao lilihitaji maboriti makubwa yaliyochongwa na kuunganishwa kwa ustadi wa hali ya juu. Town alitumia mbao za kawaida, zote za vipimo vinavyokaribiana, akazipanga mshazari, safu moja ikielekea huku na nyingine kule, zikapishana kama fito za dema la kuvulia samaki. Kila zilipokutana palitobolewa matundu kwa kekee, kisha msumari wa mti mgumu ukagongelewa kupita safu zote. Ukuta wote wa daraja ukawa wavu mmoja, na uzito wa gari lililopita katikati ukasambaa katika mamia ya maungio badala ya kuegemea machache.

Faida ya mfumo huu ni kwamba mbao zilipatikana katika kiwanda chochote cha kupasulia magogo, na mafundi wa kawaida waliweza kuzitoboa na kuziunganisha. Ugumu wake ulikuwa katika usimamizi. Tundu likikosea nusu inchi katika ubao mmoja, kosa linahamia kwenye ubao unaofuata, na ukuta wa mita kadhaa unakuja kupinda juu ya maji. Alihitajika mtu mmoja mwenye jicho la kuona daraja zima kabla halijawapo, na anayeweza kuwaongoza makumi ya wafanyakazi wakining'inia juu ya mkondo. Mtu huyo alikuwa King. Paa nalo, ambalo wengi hudhani liliwekwa kumkinga msafiri na mvua, liliwekwa ili kuukinga ule wavu wa mbao: mbao kavu hudumu miaka mingi, na zinazolowa kila msimu huoza kwenye maungio kwanza.

Katika miaka iliyofuata kampuni ya Godwin ilijenga madaraja mengine kwenye Chattahoochee, likiwemo la West Point upande wa juu na la mji unaoitwa leo Eufaula upande wa chini. Mafuriko ya 1841 yalipolibeba daraja la Columbus, ni wao walioitwa kulijenga upya. Kufikia hapo wateja walikuwa wakimtaka King kwa jina. Godwin alimwacha asafiri, apange bei na asimamie kazi mbali na nyumbani, na inaelekea kabisa kwamba waliishi kama washirika kuliko kama bwana na mtumwa. Lakini ushirika huo haukuandikwa popote ambapo mahakama ingeutambua. Mwaka 1837, uchumi wa nchi ulipoanguka na wadeni wakawa wanafilisiwa kila upande, Godwin alihamisha umiliki wa King kwenda kwa mke wake na mjomba wa mke huyo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba alitaka kumweka mbali na mikono ya watu waliomdai. Yawezekana alifanya hivyo kwa wema. Hata hivyo inatuonyesha hali halisi ya King wakati huo: mjenzi wa daraja refu la Columbus, naye angeweza kunadiwa kulipia deni la mtu mwingine, pamoja na meza na nyumbu.

Mwaka 1839 King alimwoa Frances Gould Thomas, mwanamke huru mwenye damu mchanganyiko. Ndoa hiyo ilikuwa na maana ya kisheria ambayo hatuna budi kuieleza. Katika majimbo ya kusini mtoto alifuata hali ya mama, si ya baba. Msomaji wa pwani yetu anajua desturi tofauti, kwamba chini ya sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana wake alifuata uhuru wa baba. Kule Marekani kanuni ya mama iliwafaidi wenye watumwa, kwani watoto waliowazaa na wajakazi wao walibaki kuwa mali yao. Kwa King kanuni hiyo hiyo ilifanya kazi kinyume. Kwa kuwa Frances alikuwa huru, watoto wao watano, wavulana wanne na msichana mmoja, walizaliwa huru, wakubwa kati yao wakati baba yao angali mtumwa.

Uhuru wake mwenyewe ulikuja Februari 1846, na namna ulivyokuja inaeleza mengi. Godwin hakuweza kuandika barua tu na kumwambia aende zake. Sheria ya Alabama ilimtaka mtu aliyeachwa huru aondoke jimboni, la sivyo akamatwe na kurudishwa utumwani. Ili King abaki mahali penye familia na kazi yake, ilibidi bunge la jimbo lipitishe sheria maalumu yenye jina lake, ikimwondoa katika sharti hilo. Aliyeisukuma alikuwa Robert Jemison wa Tuscaloosa, mjumbe wa bunge la jimbo, mwenye mashamba, viwanda vya kupasulia mbao, magari ya abiria, barabara za kulipia na madaraja. Jemison alikuwa amemtumia King katika ujenzi wake, na aliendelea kuandikiana naye kuhusu kazi kwa miaka mingi baadaye. Sidhani tunamkosea tukisema kwamba heshima na maslahi vilikwenda pamoja: mtu mwenye madaraja alihitaji mjenzi ambaye hatafukuzwa jimboni.

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki ya karne hiyo watu walitofautisha vizuri mtumwa aliyeachwa huru na mwungwana wa kuzaliwa. Tofauti hiyo inatufaa hapa. Sheria ya 1846 ilimtoa King utumwani bila kumfanya mwungwana. Alikuwa na haki ya kupokea ujira, kuingia mkataba na kununua ardhi, lakini hakuweza kupiga kura, na ushahidi wake dhidi ya mtu mweupe haukupokelewa mahakamani. Upande wa pili wa mto, Georgia ilimtaka kila mtu huru mwenye asili ya Kiafrika awe na mlezi mweupe wa kumwakilisha kisheria, awe mtu mzima kiasi gani na tajiri kiasi gani.

Katika mazingira hayo ndipo tunapaswa kuiweka Moore's Bridge. Washirika wake wawili, James Moore na Charles Mabry, walikuwa watu weupe wenye ardhi na nafasi katika jamii. King alikuwa na kitu walichokosa, nacho ni ujuzi, pamoja na kikosi cha wafanyakazi waliokwisha kuzoea kazi. Badala ya kulipwa kwa fedha taslimu, alikubali kulipwa kwa hisa, na fungu lake likawa theluthi moja. Kwa washirika hii ilikuwa njia ya kupata daraja bila kutoa mfukoni gharama yote. Kwa King hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Mkandarasi hula siku anapojenga. Kazi ikiisha anatafuta mto mwingine. Mwenye hisa hula kila gari linapopita, hata akiwa amelala au anajenga mbali. Kwa mtu mwenye umri wa miaka hamsini hivi, mwenye mke na watoto watano, na ambaye mwili wake ulikuwa umewatajirisha wengine tangu ujana, mapato ya namna hiyo yalikuwa na thamani kuliko malipo ya mara moja.

Familia ikahamia pale darajani. Frances na watoto walipokea ushuru na kulima shamba lililokuwa karibu, huku King akizunguka kati ya hapo, Girard na sehemu za ujenzi. Mpango huo ulipunguza gharama ya karani na ulihakikisha kwamba hesabu zinawekwa na mtu mwenye maslahi nazo. Lakini fikiria Frances amesimama mlangoni, na mbele yake msafiri mweupe anakataa kulipa na kupiga farasi wake mjeledi. Daraja kwa theluthi ni la mume wake, hati inamruhusu kutoza, na hana mahakama atakayokwenda kusimulia alichokiona kwa macho yake. Nguvu ya haki yake ilitegemea majina ya Moore na Mabry. Hapo ndipo unapouona ubia ule ulivyokuwa: washirika weupe walikuwa mtaji, na papo hapo walikuwa ngao.

Taney anarudi hapa. Mwaka 1857, katika shauri la Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, Jaji Mkuu yule yule aliyewapunguzia wenye madaraja wa Boston madai yao alitamka kwamba watu wa asili ya Kiafrika, wawe watumwa au huru, si raia wa Marekani na hawawezi kuwa raia. Miaka hiyo hiyo King alikuwa mbia katika daraja lenye idhini ya serikali. Mtu aliyekanushwa uraia akitoza raia ushuru wa kuvuka mto: sheria za majimbo ziliruhusu mgongano huo uendelee, alimradi kila upande ulikuwa na faida ndani yake.

Si kila mwenye daraja alikuwa katika hali ngumu kama hiyo, na mfano wa Nelson Tift unatusaidia kulinganisha. Tift alianzisha mji wa Albany, kusini-magharibi mwa Georgia, na alitaka daraja kwenye Mto Flint ili wakulima wa upande wa mashariki waje kufanya biashara mjini kwake. Kaunti ilipokataa kugharamia, alilijenga kwa fedha zake mwaka 1858, akalifanya la kulipia, na fundi aliyemwita alikuwa Horace King. Mlangoni pa daraja palijengwa nyumba ya matofali yenye njia ya magari iliyopita katikati yake, hata mtu hakuweza kufika mtoni bila kupita ndani ya nyumba ya Tift. Nyumba hiyo ipo mpaka leo. Tift alikuwa na hati, ardhi, kura na, baadaye, kiti katika Baraza la Wawakilishi la Marekani. Fundi ni yule yule na miaka ni ile ile. Kilichotofautiana ni kila kitu kilichomzunguka mmiliki.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, King alijikuta akifanya kazi kwa ajili ya upande uliopigania utumwa. Alitakiwa kuziba mto kwa vizuizi ili meli za Kaskazini zisipande, na kupeleka mbao kwa ajili ya karakana za jeshi la majini huko Columbus. Katika hali yake kukataa kungekuwa na gharama ambayo hatuhitaji kuibuni. Kisha Julai 1864, askari wa farasi wa Kaskazini wakiongozwa na Jenerali George Stoneman walifika Moore's Bridge wakitafuta njia ya kuvuka ili waharibu reli. Waliliteka, na waliporudishwa nyuma na mizinga ya ng'ambo walilichoma moto. Jeshi lililobeba tangazo la kukomesha utumwa ndilo lililoteketeza theluthi moja ya daraja ya mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Mbao zilizokaushwa chini ya paa kwa miaka kadhaa huwaka upesi. Kile kilichozifanya zidumu ndicho kilichozifanya kuni nzuri. Miezi michache baadaye, Oktoba mwaka huo, Frances alifariki. Aprili 1865, wiki moja baada ya Jenerali Lee, kamanda wa majeshi ya Kusini, kusalimu amri huko Virginia, madaraja ya Columbus nayo yaliteketea katika mashambulizi ya Jenerali James Wilson.

Amani ilileta kazi tele, kwani kila mto ulihitaji kuvukwa upya, na King akarudi kujenga alichokuwa amekijenga mara mbili au tatu. Aliingia pia katika Bunge la Wawakilishi la Alabama mwaka 1868 na kukaa humo hadi 1872, ingawa siasa hazikumvutia sana na kumbukumbu za bunge hazionyeshi kwamba alisema mengi. Jumba ambamo vikao vilifanyika, huko Montgomery, lilijengwa upya kati ya 1850 na 1851 baada ya kuungua, na ngazi zake za mzunguko, zinazopanda bila nguzo ya katikati, zinahesabiwa kuwa kazi ya mikono yake. Baadaye alihamia LaGrange, Georgia, na kazi ikashikwa na wanawe chini ya jina la familia. Alifariki huko Mei 1885.

Linabaki jambo moja linalowasumbua wasomaji wa leo. Godwin alipofariki 1859, akiwa amefilisika kwa kiasi kikubwa, King alimwekea kaburini mnara wa jiwe wenye maandishi ya kumkumbuka kwa upendo na shukrani kama rafiki aliyepotea na bwana wake wa zamani. Wapo waliolitumia jiwe hilo kuonyesha kwamba utumwa haukuwa mbaya kama inavyosemwa, na wapo wanaoona aibu kulitaja. Mimi naona linasomeka vizuri zaidi likiwekwa pamoja na zile hisa. Mwaka 1859 King alikuwa mmiliki, na mmiliki hugharamia jiwe kwa hiari yake. Mtumwa hana cha kutoa, kwa kuwa hata shukrani yake huhesabiwa kuwa wajibu. Aliyasimamisha majina mawili kwenye jiwe moja, la Godwin kama marehemu na lake kama mlipaji, mahali ambapo kila mtu wa Girard angeyaona.

Mahali pa Moore's Bridge sasa ni hifadhi ya kaunti, na daraja lenyewe halipo. Katika kaunti ya Meriwether, kwenye kijito cha Red Oak, lipo daraja dogo la paa la miaka ya 1840 linalohesabiwa kuwa kazi ya King, la zamani kuliko yote ya aina yake yaliyosalia Georgia. Ukiingia ndani unauona ule wavu wa mbao pande zote mbili, na vichwa vya misumari ya mti vikiwa vimejipanga kila mbao zinapokutana. Ni la kaunti. Hakuna anayelipa kulivuka.